Mpiga Picha Aliyetaka Kasha Jinga

Mpiga picha wa harusi zetu amefariki. Habari ilinifikia Jumatatu saa nne asubuhi nikiwa ofisini hapa Garissa, na kwa kuwa kwetu maiti hasubirishwi, habari ya kifo na ya jeneza zilikuja kwa pumzi moja: amekata roho alfajiri, anaswaliwa adhuhuri. Nilifika makaburini nikakuta watu wengi kuliko niliowahi kuwaona nyumbani kwake. Tangu siku hiyo kundi letu la simu halijanyamaza. Wanamwita hazina, wanamwita kumbukumbu ya mji. Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye nitarudi kwake, ameandika kwamba tumepoteza maktaba. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kuwa safu hii haina kawaida ya kuwasema watu ambao bado wako matangani. Leo mtanivumilia, maana nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Kwa asiyemjua, huyu alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya kufuma na kamera begani, na kwa miaka mingi hakuna aliyeoa upande huu wa mto bila yeye kuwapo. Harusi zetu zina pande mbili. Wanaume hula, hupiga dua na kwenda zao. Wanawake hubaki na bibi harusi, huvua mitandio, huimba na kucheza hadi wachoke, na huko haingii mwanamume. Marehemu alirekodi upande wetu. Upande wa wanawake ulirekodiwa na mkewe, na mkewe ndiye aliyekata na kuunga picha hizo, mlango umefungwa. Marehemu aliniambia hakuwahi kuzitazama hata mara moja, nami namwamini. Kanda za zamani zilipoanza kukauka na kukatika kwa joto, wawili hao walihamisha kila kitu kwenye diski, kila mmoja upande wake. Katika chumba cha nyuma chenye paa la mabati waliweka kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, nayo ikawa ghala la nyumba: ukitaja harusi, inatafutwa, inakuja kwenye skrini ya sebuleni. Mafundi wa Nairobi wana jina lao, seva. Kila asubuhi marehemu aliifuta vumbi kwa brashi ya kupakia rangi.

Kompyuta ile haikuwa na nafasi ya diski nyingine tumboni mwake, kwa hiyo kila diski mpya ilikaa nje, ndani ya kasha lake lenye waya. Mimi nilidhani kasha ni kasha, ganda tu. Yeye alilikagua kama mtu anayenunua ngamia wa maziwa. Nilifuatana naye mara moja katika duka la Nairobi na nikatamani kujificha. La plastiki alilirudisha kabla halijatoka kwenye karatasi zake. "Blastiki hii, kwa joto yetu, ni sufuria," alisema. Alitaka la chuma. Kisha akamwomba muuzaji bisibisi, akafungua kifuniko cha nyuma ili aone feni, akauliza kama feni ile ikifa anaweza kupachika nyingine ya kawaida au ni mpaka itoke kiwandani. Jingine lilikuwa linanyonya umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Hilo pia alilikataa, akasema diski inayodoea umeme huzimika kazi ikiwa nusu. Mwisho akatoa mfukoni diski aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaitia kwenye kasha moja, akaisoma, akaitoa, akaitia kwenye kasha la kampuni nyingine, akaisoma tena. Muuzaji alikuwa amekunja mikono.

"Mzee, unanunua ama unatupatia mtihani?"

"Nanunua, walaal. Lakini sanduku hii ikifa, diski yangu itaongea na sanduku ingine? Kama haiongei, basi diski si yangu. Ni ya sanduku. Mimi nataka sanduku mjinga, haijui kitu yoyote."

Nilicheka njia nzima kurudi kituo cha basi. Sasa sicheki, kwa sababu katika yote niliyowahi kuandika kuhusu mitambo na maendeleo, sijawahi kusema neno lenye maana kama hilo la mtu aliyeishia darasa la sita.

Msomaji wa Nakuru au wa Tanga anaweza kuuliza harusi za zamani zina uzito gani hata mtu akazilinda namna hiyo. Zina uzito wa kitambulisho. Kijana wa huku akitimiza miaka kumi na minane hapeleki fomu tu kama wewe. Anakaa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, anaulizwa babu yake nani, alichunga wapi, nani anamjua. Na kama alama zake za vidole, au za mama aliyembeba mgongoni, zilichukuliwa katika kambi za Dadaab, kompyuta inasema yeye ni mkimbizi na mjadala umekwisha. Wenyeji wangapi walijiandikisha kambini miaka ya ukame, mifugo ilipolala chini isiinuke, ili wapate unga na mafuta? Kila ukoo unajua jibu, na kila ukoo umelikalia. Asiye na kitambulisho havuki kizuizi cha darajani. Anabaki upande huu wa Mto Tana kama mbuzi aliyefungwa kamba, hasomi mbali, haajiriwi, haandikishi hata simu kwa jina lake.

Basi akatokea mchuuzi mmoja wa mifugo, mzaliwa wa Kutulo aliyelelewa hapa, ambaye kamati ilimkataa mara mbili. Marehemu alitafuta kwenye ghala lake siku tatu. Akapata harusi ya zamani, upande wa wanaume, na ndani yake mtoto mwenye kanzu fupi amekaa mkekani kati ya babu yake na mwanamume mwenye nywele nyeusi tii. Mwanamume huyo alikuwa mmoja wa wanakamati. Skrini ilipowekwa mezani, mzee alijitazama kwa muda mrefu, akashika kichwa chake chenye upara, akasema, "Hii mimi," akatia sahihi. Habari ilienea. Watu walianza kwenda kwa mpiga picha kama wanavyokwenda kwa tabibu, na yeye hakumfukuza mtu.

Hapo ndipo wazee wa mtaa walipokumbuka heshima yao. Walisema, kama watu wanaingia na kutoka nyumba ile, itakuwaje kuhusu upande wa wanawake? Mama zao na wake zao, vichwa wazi, wakicheza, wako ndani ya diski ambayo mtu yeyote anaweza kuichomoa na kuitia kwenye kasha lolote. Ujinga wa kasha, ambao ndio uliokuwa ulinzi wake, ukageuka kuwa aibu. Wakaamua diski za wanawake zitiwe kufuli, na kwa kuwa mimi ni mtu wa gazeti ninayekwenda Nairobi kila mwezi na ninayesemekana kujua mambo, nikatumwa mimi. Nilinunua kasha zuri kuliko yote dukani, jeusi, zito, lenye vitufe vya namba juu yake. Muuzaji alinieleza kwamba lenyewe huvuruga kila kinachoandikwa ndani, na bila namba hizo hata diski iibwe mwizi ataona takataka tupu. Nilifurahi kama niliyelibuni kwa akili zangu.

Marehemu alilikataa. Lilikaa kwake wiki mbili halijafunguliwa. Nilipokwenda kumwuliza alinikalisha, akanimiminia chai ya maziwa, akasema kwa upole, "Hii iko na akili mingi. Siku itakufa, itakufa na akili yake." Nilimjibu kwa neno ambalo nimekuwa nikilisikia kichwani tangu Jumatatu. Nilimwambia: "Kwa hivyo wewe unataka watu waone wake zetu?" Uso wake ulibadilika. Hakuna mwanamume wa huku anayeweza kuambiwa hivyo akabaki na hoja. Alichukua kasha, akaingia nalo ndani.

Na hatukuishia hapo. Picha zilipokwisha kuhamishwa, mzee yule wa maktaba alishikilia kwamba nakala za zamani zifutwe mbele ya mashahidi wawili. Mashahidi walikuwa yeye na mimi. Tulikaa sebuleni tukisubiri mashine imalize kufuta, na mke wa marehemu akasema kutoka upande wa pili wa pazia, "Hizo nimerekodi mimi. Hao wanawake ni rafiki zangu. Mbona hakuna mtu ameniuliza mimi?" Mzee alijikohoza. Mimi nilitazama saa yangu. Mumewe alimwomba tu avumilie, "Sabar, abaayo," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua anafanya kosa.

Kasha lile liliishi misimu miwili ya joto. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo kama kawaida yake, na taa ya kasha haikuwaka tena. Diski yenyewe ilikuwa nzima; ukiitoa ukaiweka kwenye kasha la kawaida ilizunguka na kulia kama diski nyingine yoyote, lakini kompyuta ilisema haina kitu ndani. Marehemu aliifunga kwenye kitambaa akapanda nayo basi hadi Nairobi. Fundi alimweleza kwamba namba za kufungulia hazikuwa kila kitu. Ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye ubao mdogo wa ndani ya kasha, na ubao umeungua. Akatafuta kasha jingine la aina ile ile. Alipolipata na kuitia diski, lilimwuliza kama anataka kuianza upya, yaani kufuta kila kilichomo. Alirudi Garissa na diski ikiwa kwenye kitambaa kile kile. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa nimfikie binti. Ni msichana wa mtaa wetu, yatima, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kilicho ng'ambo ya daraja. Chuo kilitaka kitambulisho. Kamati ilimwambia kwamba marehemu mama yake aliandikishwa Hagadera, kambi mojawapo ya Dadaab, na yeye akiwa mtoto mchanga kwenye orodha ile ile, kwa hiyo alete ushahidi kuwa mama huyo alikuwa mwenyeji kabla ya kambi. Ushahidi ulikuwapo. Mama yake aliolewa hapa hapa, miaka kabla ya ukame uliompeleka kambini, na harusi ilirekodiwa: bibi harusi, mama yake bibi harusi, na majirani wote wakiitana kwa majina. Upande wa wanawake, maana wa wanaume haukumwonyesha bibi harusi. Ndani ya kasha langu zuri.

Mpiga picha alijitahidi kuliko ilivyopasa mtu wa afya yake. Alikwenda mwenyewe mbele ya kamati. Wakamwuliza, "Wewe ulimwona bibi harusi?" Akajibu ukweli, kwamba hakumwona, aliyemwona ni mkewe. Mkewe akaja, akasema yote, hadi rangi ya vazi. Wakamwambia shahidi mmoja hatoshi, tena nyumba moja. Basi akaanza kuzunguka mlango kwa mlango kuwatafuta wale wanawake waliocheza siku ile na wanaume waliokula. Wengi wako hai. Huyu alisema amesahau. Huyu alisema mumewe hataki maneno na ofisi. Mwingine alisema wazi, Mungu amlipe kwa ukweli wake: "Nikisimama hapo, wataniuliza vidole yangu iko wapi." Kwa maana kila mmoja wao ana kadi ya mgao iliyofichwa chini ya sanduku, yake au ya mtoto wake. Tarehe ya kamati ikapita. Chuo kikampa mtu mwingine nafasi ya binti. Daktari anasema mpiga picha ameuawa na shinikizo la damu, nami sibishani na daktari.

Nimekuwa nikijiuliza juma hili lote tulikuwa tunalinda nini. Huku kwetu tunapenda kusema kwamba serikali haitujui, na ni kweli, kuna ofisi ambazo mtu wa kwetu akiingia anaangaliwa kana kwamba ameruka ukuta. Lakini kufuli ile haikununuliwa na serikali. Tuliinunua sisi, kwa jina la wanawake ambao hatukuwauliza, tukamwaibisha mtu pekee aliyejua anachokifanya mpaka akatutii. Na ilipokufa, tulimwachia yeye peke yake msiba wa kukumbuka, sisi tukarudi kwenye shughuli zetu. Ni rahisi sana kumsifu mtunza kumbukumbu. Anakufanya uamini kwamba wewe umeruhusiwa kusahau.

Jana alasiri nilikwenda matangani. Wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake ndani. Binti yule alikuwa akisaidia kugawa chai, na nilipokuwa natoka alinifuata hadi langoni akiwa bado ameshika birika, akaniita ami kwa Kisomali.

"Adeer, naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza, binti yangu."

"Eeddo, mama wa nyumba hii, ameniambia mzee wake alikuja ofisi yako mara mbili. Alikuja sababu yangu?"

Nilimwambia ndiyo.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mwandishi wa habari hatoi ushahidi."

Hakuwa na hasira, na hilo lilinikata zaidi. "Lakini harusi ya mama, wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwapo."

"Basi ulikuwa unaogopa nini?"

Nilimwambia nilichokuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu. Kwamba ukame ule ule uliompeleka mama yake Hagadera ulinipeleka mimi Dagahaley, kambi ya jirani, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, nikaandikishwa kama mtoto wa shangazi yangu ili hema lake lipate mgao wa mtu mmoja zaidi. Alama za vidole vyangu ziko huko mpaka leo. Nilipata kitambulisho kwa sababu nilikwenda kukiomba kabla kompyuta za ofisi hazijaanza kulinganisha vidole. Tangu hapo nimeishi nikiogopa siku ambayo mtu atafungua faili langu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Adeer, wewe uko na kitambulisho tayari." Akarudi ndani na birika lake.

Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza mlinde vipi picha na sauti za wazee wenu. Yeye angewaambia: chuma, feni inayobadilishika, umeme wake wenyewe, na kasha lisilojua kitu. Hayo ni kweli na myashike. Fundisho langu mimi ni jingine, na nimelipata kwa kuchelewa. Mama wa binti yule alikuwa jirani yetu. Mama yangu na mama yake walichota maji bomba moja. Siku ya harusi yake wanaume walikula uani kwetu, nikala wali na nyama ya mbuzi, na asubuhi ya siku hiyo, kabla hajafichwa kwa ajili ya kupambwa, nilimsikia akigombana na nyanya yake juu ya viatu. Hakuwa mkimbizi. Alikuwa msichana wa Garissa. Leo asubuhi nimepeleka kwa kamati barua yenye jina lake na jina langu, na ndani yake nimeandika pia habari ya Dagahaley. Karani ameigonga muhuri akasema faili limefungwa, labda kikao kijacho. Sina haki ya kumnung'unikia. Wengine waliokuwapo siku ile nawajua, na nimewasoma juma zima kwenye kundi wakiandika kwamba kumbukumbu ya mji imezikwa Jumatatu. Haikuzikwa. Tunayo sisi, kila mmoja kichwani mwake, na tumenyamaza.